Ada Ndogo, Amana Kubwa: Familia Ijue Nini Kuhusu Tabaka la Pili la Blokicheni

Katika familia nyingi siku hizi hakosekani kijana anayewashauri wazee wake waache njia za kawaida za kutuma fedha, kwa hoja kwamba kwenye blokicheni ada ni senti chache tu. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu ya maelezo. Nusu iliyobaki inahusu usalama wa mali, na mali kwetu Waislamu ni amana: tutaulizwa tuliichuma wapi na tuliitumia katika lipi. Hatukusudii hapa kutoa hukumu ya kisharia juu ya sarafu za kidijitali, jambo ambalo wanazuoni wametofautiana. Tunakusudia kueleza unafuu huo unatoka wapi, na unadai nini kwa mwenye fedha.

Blokicheni ni daftari la miamala ambalo nakala zake zimehifadhiwa na maelfu ya kompyuta duniani. Aya ya 282 ya Suratul Baqara inatuelekeza kuandika madeni na kuweka mashahidi; katika daftari hili kila kompyuta ni mfano wa shahidi anayekagua kila mstari. Nguvu yake imo humo, na udhaifu wake pia umo humo. Kwa kuwa mashahidi wote hukagua kila kitu, kazi huenda polepole. Bitcoin, iliyoanza mwaka 2009, humudu takriban miamala 7 kwa sekunde. Ethereum, iliyoanza mwaka 2015, kwa muda mrefu ilimudu takriban 15.

Foleni inapokuwa ndefu, anayelipa zaidi hutangulia. Mwishoni mwa mwaka 2017 mchezo mmoja wa kununua na kuuza paka wa kidijitali, CryptoKitties, ulitosha kuisonga Ethereum. Mwaka 2021 zilikuwapo siku ambazo muamala mmoja uligharimu makumi ya dola. Mama anayesubiri dola 50 kutoka kwa mwanawe aliyeko Muscat angebakiwa na nini?

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini daftari lenyewe lisipanuliwe? Likipanuliwa mno, litahitaji kompyuta kubwa za gharama kubwa; mashahidi watapungua, na ushahidi wa wachache ni rahisi kupindishwa. Ndipo wataalamu wakabuni tabaka la pili, yaani kufanya kazi nyingi nje ya daftari kuu na kupeleka huko matokeo yake.

Njia ya kwanza inafanana na kuandikiana dukani. Mteja na mwenye duka hawahesabiani kila siku kwa kila kibiriti. Huandika, kisha hufunga hesabu mara moja. Hivyo ndivyo unavyofanya kazi mtandao wa Lightning wa Bitcoin, isipokuwa kwamba fedha hutengwa kabla ya hesabu kuanza. Njia ya pili ni ya rolapu, inayotumiwa na Arbitrum, Optimism na Base juu ya Ethereum. Hii ni kama daladala: abiria wengi hugawana gharama ya safari moja. Mamia ya miamala hukusanywa, hubanwa, kisha hupelekwa kwenye daftari kuu kwa pamoja. Tarehe 13 Machi 2024 Ethereum ilifanya maboresho yaliyozipatia rolapu nafasi maalumu ya bei nafuu, na ada katika nyingi kati yake zikashuka hadi chini ya senti chache za dola.

Huo ndio unafuu. Sasa tuangalie amana.

Kwanza, katika rolapu nyingi kubwa anayepanga miamala ni mmoja, na mara nyingi ni kampuni iliyoanzisha mtandao. Akisimama, safari husimama. Desemba 2023 Arbitrum ilikwama kwa zaidi ya saa moja. Juni 2024 waendeshaji wa Linea waliusimamisha mtandao kwa makusudi baada ya wizi. Nia yao ilikuwa kulinda mali za watu, lakini ilidhihirika kwamba ufunguo wa mlango uko mikononi mwa wachache.

Pili ni uthibitisho. Rolapu za aina ya Arbitrum na Optimism huchukulia kwamba hesabu ni sahihi mpaka mtu aipinge, na ndiyo maana kurudisha fedha kwenye daftari kuu moja kwa moja huchukua takriban siku 7. Lakini hadi Juni 2024, Optimism ilikuwa haijafungua kwa umma njia ya kupinga hesabu. Watumiaji waliegemea uaminifu wa waendeshaji. Aina nyingine, kama Starknet, hupeleka uthibitisho wa kihisabati pamoja na hesabu yenyewe, hivyo haihitaji kusubiri mpingaji.

Tatu ni madaraja ya kuhamishia fedha kati ya mitandao. Machi 2022 daraja la Ronin liliibiwa zaidi ya dola milioni 600. Wezi walihitaji funguo 5 tu kati ya 9, nao wakazipata. Ronin wakati huo ulikuwa mnyororo wa pembeni wenye walinzi wake wachache, haukulindwa na ukaguzi wa daftari kuu la Ethereum. Na si kila mtandao unaojinadi kwa ada ndogo unalindwa na daftari hilo.

Kwa hiyo kabla familia haijahamisha karo, ada ya Hija au mirathi ya yatima, tunashauri maswali manne yaulizwe. Nani anapanga miamala? Nani anaweza kupinga hesabu ya uongo? Fedha itarudi kwa njia ipi, na baada ya siku ngapi? Waendeshaji wakitoweka, mwenye mali anaweza kujitolea fedha zake mwenyewe? Asiyeweza kuyajibu asikabidhiwe mali ya wengine, hata akiwa ni mtoto wetu tunayempenda.

Kujifunza elimu hii ni jambo jema, na vijana wetu wanaifahamu kuliko sisi. Wazee nao wana hekima ya kujua kwamba mwenye kushika amana huulizwa kwanza kuhusu usalama wake, ndipo aulizwe kuhusu bei. Pande hizo mbili zikikaa mkeka mmoja, familia itanufaika na unafuu bila kupoteza mali. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.