Tabibu wa Kichina na Mgonjwa Wake



Jioni hii twapenda kueleza habari za utabibu wa jadi wa Uchina, uliofundishwa kwa miaka kama elfu mbili, na ambao hata leo una hospitali na vyuo vyake katika nchi ile. Wengi hudhani kuwa ni mizizi na sindano tu. Kumbe kwanza ni namna ya kufikiri, na asiyeijua namna hiyo hawezi kufahamu kwa nini watu wawili wenye kikohozi kimoja hupewa dawa mbili mbalimbali.

Matabibu hao husema kwamba mwilini mna nguvu ya uhai, jina lake qi, ipitayo katika njia zake kama maji katika mifereji ya shamba. Tena husema kwamba kila kitu kina pande mbili: yin, upande wa kivuli, baridi na utulivu, na yang, upande wa jua, joto na mwendo. Pande hizi si kama wema na ubaya. Kila upande wahitaji mwenziwe, mfano wa usiku na mchana. Upande mmoja ukizidi, au njia za qi zikizibika, ndipo mtu augua. Wazee wetu wa pwani, waliopokea utabibu wa Kiyunani kwa mikono ya Waarabu, nao hutenga vyakula vya baridi na vya moto. Kwa hiyo fikira hii si ngeni kabisa kwetu. Yako pia mambo matano, yaani mti, moto, udongo, madini na maji, yaliyoambatanishwa na ini, moyo, bandama, mapafu na figo. Lakini maelezo yake ni marefu, nasi twayapita.

Tabibu hutazama uso na ulimi, husikiliza sauti na pumzi, hunusa, huuliza habari za usingizi, kiu, jasho na choo. Kisha huweka vidole vitatu juu ya mshipa wa mkono, wa kulia na wa kushoto, akipima mapigo yake. Mwenye kikohozi cha kohozi jeupe na kutetemeka ana baridi, naye hupewa vitu vya moto kama tangawizi na mdalasini. Mwenye kohozi la manjano na kiu ana joto, naye hupozwa. Wengine huchomwa sindano nyembamba, na wengine huumikwa, kama tuumikavyo sisi kwa chuku.

Je, ni kweli? Yatupasa kutenga mafundisho na dawa. Wapasuao maiti hawakuziona njia za qi. Walakini dawa nyingine zina nguvu hakika, na moja yatuhusu sana.

Mwaka 1967 serikali ya Uchina iliwakusanya wataalamu watafute dawa mpya ya malaria, maana klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Mmoja aliyeingia kazini baadaye, Bibi Tu Youyou, alisoma maandiko ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, aliyeagiza mwenye homa za vipindi aloweke konzi ya mmea wa qinghao katika maji, aukamue, anywe. Kuuchemsha hakukutajwa. Bibi Tu akawaza kwamba labda moto ndio uliokuwa ukiharibu dawa. Akaitoa kwa etha, ichemkayo kwa joto dogo. Mwaka 1971 dawa hiyo iliponya panya na nyani. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliimeza kwanza wao wenyewe, ndipo wakapewa wagonjwa. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Dawa ile ni artemisinini, iliyomo katika dawa mseto tunazowapa watoto wetu.

Angalieni, kilichoithibitisha si yin wala yang, bali majaribio. Na ukale wa dawa si dhamana: huko Ubelgiji, mapema katika miaka ya 1990, wanawake wengi waliharibika figo kwa vidonge vya kupunguza unene vyenye mmea wa Kichina uitwao aristolokia.

Wala chai ya qinghao haitoshi kwa malaria, kwa kuwa kipimo chake hakijulikani, na vijidudu visivyokufa huizoea dawa. Katika Rwanda na Uganda wameonekana tayari vijidudu vichelewavyo kufa mbele ya artemisinini. Kwa hiyo dozi ya dawa mseto humezwa yote, hata homa ikiondoka siku ya kwanza.