Miale ya Angani na Uvumi wa Usiku

Ndugu zetu Waislamu, umepata kuenea katika simu, hata huku kwetu Handeni na Korogwe, uvumi usemao kwamba usiku wa leo, baina ya saa sita u nusu na saa tisa u nusu, miale ya angani itapita karibu na dunia, basi kila mtu azime simu yake asije akadhurika. Wako waliolala kwa hofu. Yafaa tuieleze khabari hii kwa ukweli wake.

Miale hiyo si ya usiku mmoja. Ni chembe ndogo mno, nyingi zake protoni, ziendazo kwa mwendo ukaribiao ule wa nuru, nazo hutufikia usiku na mchana. Victor Hess aliigundua mwaka 1912 alipopanda juu kwa puto. Ikigonga hewa huzaa chembe nyingine, na katika hizo, moja hivi hupita katika kiganja cha mkono kila sekunde, wala hatuhisi. Hewa iliyo juu yetu, yenye uzito kama wa maji ya kina cha mita 10, ndiyo ngao yetu. Kuzima simu hakuzuii hata chembe moja.

Huko mbali baina ya nyota, protoni hizo hugonga gesi ya haidrojeni, na katika mgongano huo huzaliwa miale ya gama. Elektroni nazo hukutana na nuru ya nyota, zikaipa nguvu hata ikawa gama. Protoni hupindishwa njiani na nguvu za sumaku, hata zitokako pasijulikane. Lakini gama huja moja kwa moja, mfano wa shahidi asiyepinda maneno.

Kwa kuwa hewa huizuia gama, hapana budi kuitazama kutoka juu yake. Tarehe 15 Novemba 1972, setilaiti ya Marekani iitwayo SAS-2 ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa na Waitalia baharini karibu na Malindi, katika pwani hii hii yetu. Kwa miezi saba hivi iliiona gama iking'aa katika ule utepe mweupe wa nyota tuuonao usiku usio na mwezi, kwani ndimo gesi ilimojaa.

Suratul Hujurat yatuamrisha tuhakikishe khabari kabla ya kuifuata. Basi ujumbe kama huo ukikufikia, uliza: nani kasema, naye kajuaje? Usipopata jibu, usimpelekee mwenzio. Na watoto wetu wasome Qur'ani na hisabati pamoja, wapate kujibu wenyewe.

Wabillahi tawfiq.