Kugoma kwa risasi za rimfaya

Kugoma kwa risasi za rimfaya ni hali ambapo risasi ya aina hiyo haifyatuki ingawa kifyatulio kimevutwa na pini ya bunduki imegonga kitako cha ganda. Hali hii inajulikana sana kwa watu wanaolenga shabaha kama mchezo, kwa sababu risasi ndogo ya .22 Long Rifle, inayotumika sana katika mazoezi na mashindano, ni ya rimfaya. Chanzo chake kikubwa ni jinsi risasi yenyewe inavyotengenezwa. Risasi iliyogoma inaweza kulipuka baada ya kuchelewa kidogo, hivyo huhesabiwa kuwa hatari mpaka itolewe kwa utaratibu.

Muundo

Risasi kamili ina sehemu nne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Fataki ni kemikali inayowaka inapogongwa, nayo ndiyo inayowasha baruti. Katika risasi za sentafaya, fataki hukaa ndani ya kikombe kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Rimfaya haina kikombe hicho. Kitako chake kina ukingo uliotokeza pande zote, wenye uwazi mwembamba ndani yake, na fataki imejazwa humo. Pini hugonga ukingo huo, ganda hubonyea, na fataki iliyobanwa kati ya kuta mbili huwaka.

Kiwandani, fataki hutiwa ndani ya ganda tupu ikiwa na unyevu, kisha huzungushwa kwa kasi ili isambae hadi ndani ya ukingo. Baada ya kukauka, hutiwa baruti na kichwa hupachikwa. Ikiwa fataki haikusambaa sawasawa, sehemu fulani ya ukingo hubaki na fataki kidogo au bila fataki kabisa. Pini ikigonga hapo, risasi hugoma. Ikigonga upande mwingine, risasi hiyohiyo inaweza kufyatuka.

Ganda la rimfaya lazima liwe jembamba ili pini iweze kulibonyeza. Wembamba huo huweka kikomo cha shinikizo ambalo ganda linaweza kuhimili, na ndiyo sababu rimfaya za leo ni ndogo. Aidha, ganda lililotumika haliwezi kujazwa tena kwa urahisi, kwa kuwa ukingo umeshabonyezwa na fataki yake imekwisha.

Historia

Risasi za kwanza za rimfaya zilibuniwa na Mfaransa Louis-Nicolas Flobert mnamo 1845. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilitoa bastola iliyotumia risasi ya .22 Short. Risasi ya .22 Long Rifle ilitokea mwaka 1887.

Tatizo la kugoma lilijulikana mapema. Bunduki ya Henry ya mwaka 1860, iliyotumia rimfaya kubwa ya .44, ilikuwa na pini yenye ncha mbili zilizogonga ukingo pande mbili kwa wakati mmoja, ili upande mmoja ukikosa fataki mwingine uwashe. Baadaye sentafaya zilichukua nafasi ya rimfaya kubwa. Rimfaya ndogo zilibaki kwa sababu ya bei nafuu, sauti ndogo na msukumo mdogo begani. Aina mpya ziliendelea kutolewa, kama vile .22 WMR mwaka 1959 na .17 HMR mwaka 2002.

Sababu

Si kila risasi inayogoma ina kasoro ya kiwandani. Sababu zinazotokana na bunduki ni pamoja na:

- Springi iliyochoka au pini iliyolika, kiasi kwamba pigo ni dhaifu.
- Uchafu ndani ya chemba. Kichwa cha .22 Long Rifle hupakwa nta au mafuta kwa nje, na mabaki yake pamoja na masizi hujikusanya. Risasi isipoingia hadi mwisho, nguvu ya pini huishia katika kuisukuma mbele badala ya kubonyeza ukingo.
- Mafuta mengi au yaliyoganda kwa baridi, ambayo hupunguza mwendo wa pini.
- Kufyatua bunduki tupu mara kwa mara. Katika baadhi ya bunduki pini hugonga mdomo wa chemba na kuacha kovu, na mahali hapo ukingo hauegemei vizuri.

Uhifadhi nao una nafasi yake. Unyevu na mafuta vinaweza kupenya kwenye ganda na kudhoofisha fataki au baruti. Kichwa cha .22 Long Rifle kina kipenyo sawa na ganda lake, na ni kisigino chake chembamba tu kinachoingia ndani, hivyo kinaweza kulegea kikigongwa au kubebwa ovyo.

Kutambua chanzo

Alama iliyoachwa na pini husaidia kujua chanzo. Alama ya kina na iliyo wazi huelekeza kwenye risasi, hasa kama risasi nyingine za paketi hiyo pia zinagoma. Alama hafifu huelekeza kwenye bunduki. Njia nyingine ni kujaribu risasi za kiwanda tofauti: tatizo likiisha, huenda risasi za awali zilikuwa na kasoro, likiendelea, bunduki husafishwa na kukaguliwa.

Risasi za bei nafuu huuzwa kwa wingi, mara nyingi katika maboksi ya 500 au zaidi, na kwa mazoezi ya kawaida watu wengi huvumilia chache zinazogoma. Risasi za mashindano hugharimu zaidi kwa kuwa hutengenezwa na kukaguliwa kwa uangalifu mkubwa.

Hatari na usalama

Baada ya kifyatulio kuvutwa bila mlipuko, mpigaji hawezi kujua mara moja kilichotokea. Huenda risasi imegoma kabisa, au fataki inawaka polepole na mlipuko utafuata. Bolti ikifunguliwa wakati huo, ganda linaweza kupasukia nje ya chemba na kurusha vipande usoni. Kwa hiyo kanuni ya kawaida ni kuendelea kuelekeza mtutu kwenye shabaha kwa angalau sekunde 30, kisha kufungua bolti huku uso ukiwa mbali. Miwani ya kinga huvaliwa muda wote.

Hali ya tatu ni risasi yenye nguvu pungufu: fataki inawaka lakini baruti haiwaki ipasavyo. Husikika mlio mdogo kuliko kawaida, na kichwa kinaweza kukwama ndani ya mtutu. Risasi ya pili ikipigwa nyuma yake, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Mlio usio wa kawaida ukisikika, bunduki huondolewa risasi zote na mtutu huchunguzwa kabla ya kuendelea.

Baadhi ya walenga shabaha huzungusha risasi iliyogoma na kuijaribu tena ili pini igonge sehemu nyingine ya ukingo. Hilo hufanywa baada ya muda wa kusubiri kupita. Risasi isiyofaa haitupwi kwenye takataka za nyumbani wala motoni. Viwanja vingi vya shabaha vina chombo maalumu cha kuziweka.

Katika mashindano

Katika mashindano ya bastola ya mita 25, ambako .22 Long Rifle hutumika, kanuni hutofautisha hitilafu inayokubalika na isiyokubalika. Mshindani ambaye risasi yake imegoma hatakiwi kufungua bastola, bali husubiri msimamizi aikague. Akiifungua mwenyewe anaweza kupoteza haki ya kurudia mipigo.

Katika biathlon, mchezo wa majira ya baridi unaounganisha mbio za ski na kulenga shabaha, .22 Long Rifle imetumika tangu 1978 kwa umbali wa mita 50. Risasi ikigoma, mshindani anaweza kuweka ya akiba aliyobeba, lakini hafidiwi muda aliopoteza.