Fahamu: Kwa nini ramani moja ya udongo haitoshi

Shuka kilima kimoja Usukumani ukitazama unapokanyaga. Juu, karibu na mawe ya itale, ni mchanga ambao Wasukuma huuita luseni. Bondeni ni mbuga: udongo mweusi, mzito, unaoganda kwenye jembe wakati wa mvua na kupasuka nyufa kiangazi. Ni mwendo mfupi tu. Lakini kwenye ramani ya udongo ya dunia ya FAO na UNESCO, yenye skeli ya 1:5,000,000, sentimita moja ni kilomita 50. Kilima chote na bonde lake humezwa na rangi moja.

Miaka ya 1930, Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, Tanga, alipata njia nzuri mno: aliuchora mfuatano wenyewe, kutoka kileleni hadi bondeni, akauita katena.

Ukitazama nchi nzima, tofauti za udongo hufuata zaidi mvua na miamba. Ukitazama shamba, mteremko na maji ndivyo huamua, na mazao huota shambani. Basi ndugu mkulima, unapopeleka udongo kupimwa, usichanganye wa juu na wa bondeni.