Abiria, Kamera na Barabara ya Mikumi



Siku hizi karibu kila abiria ana kamera mfukoni, maana simu ya mkononi ni kamera pia. Watu wa parokia zetu husafiri sana: wengine huenda arusini, wengine msibani, wengine hija, na wanakwaya huenda kuimba katika parokia za mbali. Njiani wote hupiga picha dirishani. Ni jambo jema, lakini lina ufundi wake, lina adabu yake, tena lina hatari zake. Tuyaangalie hayo kwa kufuata barabara kuu itokayo Morogoro kupita Mikumi kwenda Iringa, kisha ile ndogo itokayo Mikumi kwenda Kilosa.

BARABARA KATIKATI YA WANYAMA

Barabara ya Morogoro hadi Iringa ilijengwa mwaka 1951. Ilipopita katika nchi ile, wawindaji waliipata njia rahisi, na wanyama wakaanza kuuawa ovyo. Ndipo ikaonekana haja ya kuwalinda, na mwaka 1964 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Mwaka 1975 mipaka yake iliongezwa, na leo eneo lake ni kilometa za mraba 3,230. Jina lake latokana na miti ya mikumi, ambayo wengine huiita mivumo.

Barabara ile ile leo ni sehemu ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia, nayo hukata hifadhi kwa urefu wa kilometa 50 hivi. Malori na mabasi hupita usiku na mchana. Kwa hiyo mkulima aketiye katika basi, asiye na fedha za kwenda kutalii, huweza kuona tembo, twiga, nyati, pundamilia na swala kwa nauli yake tu. Watu hutoka nchi za ng'ambo kwa gharama kubwa ili wayaone hayo. Zawadi hiyo yataka kupokewa kwa akili.

MACHO YA DEREVA SI YAKO

Ndani ya hifadhi mwendo ulioamriwa ni kilometa 70 kwa saa mchana, na 50 usiku. Kando ya barabara yako mabango yaonyeshayo faini itozwayo kwa kila mnyama atakayegongwa na kuuawa. Yamewekwa kwa sababu wanyama hugongwa kweli, na kila agongapo nyati au twiga, mwenye gari naye huwa mashakani pamoja na abiria wake.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Gari liendalo kilometa 70 kwa saa hupita mita 19 na zaidi katika sekunde moja. Abiria akipaza sauti, «Dereva, tazama tembo yule!», naye dereva akageuza shingo kwa sekunde mbili tu, gari limekwenda karibu mita 40 bila mtu wa kuliangalia. Katika mita 40 swala aweza kuruka kutoka majanini, na lori lililo mbele laweza kushika breki.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: mpiga picha asimwite dereva, asimguse, asimwombe apunguze mwendo ghafula, wala asinyoshe mkono wenye simu mbele ya uso wake. Afunge mkanda, na mkono wake ubaki ndani ya dirisha. Ndani ya hifadhi si mahali pa kusimama na kushuka ovyo, hata kama simba anaonekana amelala. Ukitaka kutazama kwa raha, iko njia ya halali: uingie langoni, ulipe kiingilio, utembezwe taratibu.

KWA NINI PICHA HUTOKA NA UKUNGU

Wengi husema, «Nimepiga picha kumi, zote zimeharibika.» Hapana uchawi. Kamera hufungua jicho lake kwa kitambo kidogo sana ili mwanga uingie. Ikilifungua kwa sehemu moja ya sitini ya sekunde, gari la mwendo ule limekwisha songa sentimeta 32, yaani zaidi ya rula ya mtoto wa shule. Picha itakuwa imepakwa kama chaki iliyofutwa kwa mkono. Ikilifungua kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, gari limesonga sentimeta mbili tu, kadiri ya upana wa kidole gumba, na picha itatulia.

Jua likiwa kali, kamera hujifungua kitambo kifupi. Jioni na alfajiri hujifungua kitambo kirefu zaidi. Kwa hiyo abiria asitegemee picha safi gizani, naye azime taa ya kamera, maana mwanga wake hugonga kioo cha dirisha na kumrudia mwenyewe.

Tena kitu kilicho karibu hupita mbio machoni, na kilicho mbali hupita polepole. Umeliona hilo mara nyingi: nguzo ya kando ya barabara hupita kama umeme, lakini milima ya Uluguru hukufuata kwa muda mrefu. Basi acha nguzo, piga milima. Acha swala aliye ukingoni, piga kundi lililo mbali katika uwanda wa Mkata. Tazama mbele, uone kitu kabla hakijafika, ujiweke tayari. Anayetazama nyuma ya gari hupiga picha ya majani.

Safisha kioo kabla ya safari. Sogeza simu karibu na kioo, lakini usiigandamize, maana kioo hutetemeka na gari. Vaa nguo yenye rangi ya giza, kwani shati jeupe huonekana kiooni. Na jua liwe mgongoni pako. Ukitoka Morogoro asubuhi kwenda Mikumi, keti kuume, upande wa dereva. Ukisafiri alasiri, keti kushoto.

Waona basi kwamba subira ndiyo iletayo picha nzuri, na subira hiyo hiyo ndiyo imfanyayo mtu abiria mwema. Mwenye pupa ya kumpata mnyama wa karibu humsumbua dereva, tena hurudi na picha mbovu.

NYANI NA NDIZI

Wako watu wanaotupa ndizi au mkate dirishani ili nyani waje karibu, wapate kuwapiga picha. Hii si huruma. Nyani aliyezoea chakula cha barabarani huja barabarani kila siku pamoja na watoto wake, na gari la nyuma halina habari ya ndizi yako. Wamfundisha njia ya mauti. Tena hupoteza woga, akaanza kunyang'anya watu. Usitupe chakula, usitupe chupa, usitupe mfuko. Watoto wetu watutazamao ndani ya gari wajifunze kwetu kuheshimu kazi ya Muumba.

MTU SI MANDHARI

Barabara ina watu pia. Mama auzaye nyanya au vitunguu kando ya njia si mnyama wa hifadhi. Gari likisimama, msalimu, nunua ukiweza, kisha omba ruhusa ya kumpiga picha. Akikataa, shukuru na uache.

Jambo zito zaidi ni ajali. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka. Watu walikusanyika, mafuta yakawaka moto, na zaidi ya watu 100 walifariki dunia. Msiba ule watufundisha kwamba mahali pa ajali si mahali pa kwenda kutazama. Hata ajali ndogo, simu nyingi huinuka kabla ya mkono mmoja kunyoshwa kumsaidia majeruhi, na picha za marehemu hufika vijijini kabla ya habari kamili. Fikiri mama akiuona mwili wa mwanawe katika simu ya jirani, kabla hajaambiwa na mtu yeyote.

Katika mfano wa Msamaria mwema, wawili walimwona mtu aliyejeruhiwa wakapita kando. Sisi tusiwe watu wanaompiga picha kwanza, ndipo wapite kando. Mwili wa mtu ni hekalu, hata baada ya kufa. Ukiletewa picha ya namna hiyo, ifute, usiitume kwa mwingine. Sali kwa ajili ya roho ya marehemu. Hiyo yamfaa zaidi.

NJIA YA KILOSA

Ukiiacha barabara kuu pale Mikumi mjini ukashika njia ya Kilosa, hukuti tembo wengi. Njia hii imejulikana kwa miaka mingi kwa vumbi lake, nayo ni njia ya mashamba na vijiji. Hata kijiji kiitwacho Ulaya kipo. Wasafiri wengi huzima simu hapo, wakidhani hapana cha kupiga.

Lakini fikirini. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukaikata reli na kubomoa nyumba nyingi za Kilosa. Mahali palipokuwa na nyumba pakawa tope. Nani alikuwa na picha ya mtaa ule ulivyokuwa? Daraja, soko, mwembe wa shuleni, kanisa la kigango: hivyo twavipita kila juma bila kuvitazama, na siku vikiondoka ndipo twavitafuta.

Ninyi wazazi, mkirudi nyumbani chagueni picha chache zilizo njema. Zisafishwe karatasini, maana simu hupotea na huibwa. Nyuma ya kila picha andikeni kwa kalamu tarehe, mahali na majina ya watu. Katika ofisi ya parokia twajua kwamba picha isiyo na jina, baada ya miaka 20, ni ya mtu asiyejulikana. Bali iliyoandikwa ni urithi wa wajukuu.

Safari njema, ndugu zangu. Salini kabla ya kuondoka, mwacheni dereva aendeshe, na macho yenu yatazame mbali.