MAFUTA YA PETROLI YANAKAA NDANI YA MAWE

Mwezi wa saba 2022 serikali ilitangaza mnada wa vipande 30 vya nchi kwa watafutaji wa petroli na gazi, na 11 kati yake vilikuwa katika bonde la Ziwa Tanganyika. Mwezi wa kumi 2024 mnada wa vile vya petroli ulifutwa, lakini maneno hayakuisha. Wengine wanasemaka kwamba chini ya ziwa letu kuna ziwa lingine la mafuta. Sisi wa mwaka wa sita tumeona vema tueleze, kwa sababu mtu asiyejua hawezi kuuliza.

Kwanza, hakuna ziwa la mafuta chini ya udongo. Mafuta yanakaa ndani ya matundu madogo ya jiwe. Jaribuni wenyewe: jazeni kopo mchanga mkavu mpaka juu, kisha mmimine maji polepole. Kopo limejaa, kumbe maji yanaingia tu, karibu theluthi ya kopo!

Jiwe moja linalosifiwa sana kwa kazi hiyo ni la matumbawe. Hao ni wanyama wadogo wa bahari yenye joto. Kila mmoja anajijengea nyumba ya chokaa. Akifa, wengine wanajenga juu yake. Baada ya miaka maelfu inakuwa ukuta mkubwa wenye matundu kama mkate. Na maji ya mvua yakipita humo yanayeyusha chokaa kidogo kidogo, matundu yanapanuka. Watu wa Unguja wanalijua jiwe hilo: wamejenga nyumba nalo, na wanachota maji matamu katika visima vilivyochimbwa ndani yake.

Lakini mbona kule Unguja mawe hayo yana maji, hayana petroli? Kwa sababu inafaa vitu vitatu pamoja. Cha kwanza ni chungu, yaani matope yenye mabaki ya viumbe, yaliyofunikwa mpaka joto la chini likayapika kuwa mafuta. Cha pili ni ghala, yaani jiwe lenye matundu. Cha tatu ni kifuniko, yaani udongo mgumu usiopitisha kitu. Mafuta ni mepesi kuliko maji, yanapanda juu. Bila kifuniko yanatoka na kupotea. Kule Leduc, nchi ya Kanada, vitu vyote vitatu vilikutana. Mwaka 1947 walipata mafuta zaidi ya meta 1,500 chini, na mengi yalikuwa ndani ya ukuta wa viumbe wa bahari ya kale. Leo mahali pale ni mashamba, mbali sana na bahari.

Na ziwa letu je? Matumbawe hayaishi katika maji yasiyo na chumvi. Pembeni yako mawe ya chokaa yaliyojengwa na vijimea vidogo sana, lakini si kuta kubwa kama zile za bahari. Chungu ndicho kipo: ziwa linafika meta 1,470 kwenda chini, na kupita meta 200 hivi hakuna oksijeni. Vinavyokufa vinazama bila kuoza upesi, na matope yamerundikana kilometa kadhaa. Ghala inaweza kuwa mchanga ulioletwa na mito, kama karibu na Ziwa Albert, Uganda, ambako mafuta yaligunduliwa 2006 ndani ya mawe ya mchanga.

Basi mtu akija kutuambia habari za mafuta, tusipige makofi wala kukimbia. Tumuulize: yamepikwa wapi? Yanakaa katika jiwe gani? Kifuniko chake ni nini? Na swali la nne ni letu wenyewe: nani atalinda maji? Sisi tunayanywa, na ndagala na mikebuka wetu wanatoka humo. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, kule Kalemie. Uchafu ukiingia hautoki upesi. Wajukuu wetu wataukuta.