Kibendi Kikinasa: Usisubiri Tumbo Likusemee

Oya masista wa Sakina, hapa Arusha, hii ni ya kwenu. Na nyie machalii mnaoshinda vijiweni kandokando ya lami ya Namanga, msisepe, maana kwenye hii kesi mmo.

Kitaani kwetu tumbo ndilo linalotangaza habari. Manzi anajua mapema kwamba ana kibendi, anauchuna. Anajitupia sweta kubwa, na kwa baridi la Chuga la Juni na Julai hakuna wa kushtuka. Maza hajui, mshua hajui, na chalii mwenyewe kazima simu. Mimba ikifika miezi mitano ndiyo anaibuka kliniki, wakati wambea wameshapiga stori mpaka wamechoka. Leo nawachana makavu, kwa mapenzi yote: zile wiki unazouchuna ndizo zenye kazi kubwa kuliko zote, na ndizo unazohitaji mtu wa kukushika mkono.

Ukipima leo, hesabu ilishaanza

Hujaona siku zako? Ingia duka la dawa, nunua kipimo cha mkojo. Bei yake haifiki hata sahani ya chipsi kuku. Pima asubuhi kwa mkojo wa kwanza, ndio wenye homoni ya mimba nyingi zaidi. Mstari wa pili ukija umefifia, bado unahesabika. Usipokuja kabisa na siku zako nazo zimegoma, rudia baada ya siku chache, maana inawezekana uliwahi mno.

Sasa sikia hapa, maana wengi wanachanganya. Nesi hahesabu mimba kuanzia siku uliyopima. Anakuuliza siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, anaanzia hapo hadi wiki 40. Kwa hiyo manzi aliyekosa siku zake juzi tu, tayari ana wiki nne au tano.

Na huko ndani mambo yanaenda fasta. Wiki ya sita kwa hesabu hiyo, ule mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo unakuwa umeshajifunga, na mapigo ya moyo yanaanza kuonekana kwenye ultrasound. Ikifika wiki ya 12, viungo vikuu vyote vimeshapata umbo. Kwa nje tumbo bado flati, jinzi inafunga. Ukisubiri miezi mitano ndipo ujitokeze, ni kama kumpelekea fundi saruji ya msingi wakati ameshaezeka.

Ndiyo maana foliki asidi haitaki kusubiri. Shirika la Afya Duniani linasema mikrogramu 400 kila siku, na ingekuwa vizuri uanze hata kabla mimba haijatungwa. Inapunguza sana hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Kliniki wanakupa vidonge vya FEFO, vyenye madini ya chuma na foliki asidi pamoja. Kama kliniki ni wiki ijayo, ulizia foliki asidi duka la dawa leo leo. Kwenye msosi jipige mchicha, mnafu, maharage na parachichi, ambavyo huku chini ya Mlima Meru havina shida kupatikana.

Kichefuchefu hakina adabu

Kwa wengi kinaanza kama wiki ya sita, kinapamba moto kuelekea ya tisa, halafu kinapoa ikishapita ya 12 au kidogo zaidi. Hakichagui asubuhi wala jioni. Harufu ya mafuta ya chipsi, pafyumu ya chalii wako, moshi wa nyama choma, vyote vinakugeuzia tumbo. Kula kidogo kidogo mara nyingi, tafuna kitu kikavu kabla hujanyanyuka kitandani, jaribu chai ya tangawizi.

Ila ukiona hata maji hayakai, mkojo umekuwa wa rangi nzito, na ukisimama unaona giza, nenda hospitali fasta. Usikubali kuambiwa unadeka. Desemba 2012 Kate, mke wa Prince William wa Uingereza, alilazwa London kwa kutapika kwa namna hiyo hiyo, akatundikiwa maji. Ni ugonjwa, na unatibika.

Na usijinunulie dawa ya kutuliza bila kusema una mimba. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Ujerumani Magharibi ilitoka dawa iitwayo thalidomaidi, na wajawazito wa nchi kibao wakaitumia kutuliza kichefuchefu. Huko Ujerumani Magharibi iliondolewa sokoni mwaka 1961. Inakadiriwa watoto zaidi ya 10,000 duniani walizaliwa na madhara, wengi wakiwa na mikono au miguu mifupi. Madhara yale yaliingia kwenye wiki hizi hizi za mwanzo, wakati kina mama wengine hata hawajajijua vizuri.

Kwa hiyo hata vya mtaani vikalie mbali. Pombe, hata mbege ya kwenye sherehe, haina kiwango kinachojulikana kuwa salama. Shisha na mirungi piga chini. Mkorogo nao: kuna krimu za kung'arisha zenye zebaki, na zebaki inapita hadi kwa mtoto. Mizizi ya kuchemsha na mitishamba usinywe kabla hujaongea na nesi. Maziwa ya mfugaji chemsha kwanza, maana brusela inakaa kwenye maziwa mabichi na inaweza kuharibu mimba. Ukijikuta unatamani udongo, mwambie nesi bila aibu, inaweza kuwa damu yako imepungua.

Na wewe unayedamka kuifuata njia nne ya Sakina hadi Tengeru kuwahi mashamba ya maua ya Usa River, dawa zinazopulizwa kule si za kuchezea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kumpa mjamzito kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto. Inampa pia likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Ukiuchuna kazini, hiyo haki utaidai vipi?

Kliniki ndani ya wiki 12

Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulionyesha ni asilimia 24 tu ya wajawazito Tanzania waliowahi kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Kwenye ule wa 2022 idadi ilipanda hadi kama theluthi moja. Bado wengi wetu tunachelewa, na sisi wa Sakina hatuna kisingizio cha umbali. Upande wa Ngaramtoni kuna Hospitali ya Selian. Ukishuka mjini kuna vituo vya afya vya Levolosi na Kaloleni, na juu yake Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Mount Meru. Kwenye vituo vya serikali, kisera, huduma ya mjamzito ni bure.

Siku ya kwanza wanakupima presha, uzito, wingi wa damu, kundi la damu, mkojo, kaswende na VVU. Ukikutwa na VVU usidate, dawa zipo, na ukianza mapema na kuzishika vizuri mtoto ana nafasi kubwa sana ya kuzaliwa salama. Unafunguliwa kadi, unapangiwa siku ya kurudi. Mwongozo wa sasa wa Shirika la Afya Duniani unataka uonwe mara nane hadi kujifungua.

Kuna vituo vinavyotaka uje na mwenza wako, na kama hayupo ulete barua ya serikali ya mtaa. Hapo ndipo manzi aliyeachwa anakata tamaa na kurudi geto. Usirudi. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, barua ichukue, ni karatasi tu. Afya yako haimsubiri chalii aliyeingia mitini.

Hofu ya kusema

Najua kwa nini tunauchuna. Wakubwa wanasema usitangaze mpaka miezi mitatu ipite, usije ukapigwa jicho. Ukweli ni kwamba katika kila mimba 100 zilizokwishajulikana, kati ya 10 na 20 huharibika, nyingi kabla ya wiki ya 12, na mara nyingi sababu ni kasoro ya kromosomu tangu mimba ilipotungwa. Hakuna aliyeroga. Hukusababisha kwa kubeba ndoo wala kupanda boda. Sasa ikitokea na hakuna aliyejua, utalia na nani?

Si lazima upige mbiu mtaa mzima. Chagua mtu mmoja: dada, shangazi, shosti mwenye kifua. Mtu huyo ndiye atakayekukimbiza hospitali ukitoka damu, ukipata maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, au ukianguka na kuzimia, maana mimba iliyotunga nje ya kizazi inaua haraka. Na kama mimba imeharibika, au imetolewa uchochoroni na sasa damu haikatiki, usikae ndani kwa kuogopa maswali. Hospitali inatibu kwanza.

Dogo wa sekondari, nawe sikia. Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba mwanafunzi aliyeacha shule kwa sababu ya mimba anaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi. Darasa lako bado lipo.

Machalii, zamu yenu. Uanaume wa Chuga hauonekani kwa kupiga honi ya boda usiku. Pokea simu. Mpe hela ya nauli na ya matunda, au kama huna mkwanja, mpe muda wako. Nenda naye kliniki, pimeni wote. Mambo ya kuoana au kutooana mtayajadili na wazazi wenu, lakini yasimcheleweshe kliniki.

Wazazi wetu, mama zetu wa Sakina, nanyi nawaomba jambo moja: binti akija na habari hiyo, maneno makali yawekeni kesho. Leo muulizeni tu kama ameshakula na kama ameshapimwa.

Na wewe manzi unayesoma hii huku unahesabu siku kimyakimya: kesho asubuhi pima. Ikiwa ndivyo, mwambie mtu mmoja unayemwamini, anza foliki asidi, na kabla wiki hii haijaisha uwe umefunguliwa kadi.